Ridhaa ya Lumbesa

Ukishuka Mlima Kitonga ukitokea Iringa, baridi hukuacha ghafla na bonde la mibuyu likakupokea kwa joto lake. Ruaha Mbuyuni ni nchi ya vitunguu. Humwagiliwa kwa maji ya mto, huvunwa, halafu hupakiwa, na kwenye kupakia ndipo lumbesa inapoingia: gunia likishajaa, juu yake huongezwa kilemba, kikashindiliwa vitunguu na kushonwa kwa kamba. Bei hubaki ile ile ya gunia moja.

Sheria ya Vipimo inakataza, na Wakala wa Vipimo umepiga vita lumbesa kwa miaka mingi. Mimi nataka kuitazama kwa upande wa dhamiri, maana ina jambo linalosumbua fikra. Hakuna aliyedanganywa. Mkulima anakiona kilemba kikishonwa; pengine anashika kamba mwenyewe. Dalali hafichi kitu. Mnunuzi ataondoka hapo, Ijumaa aende msikitini au Jumapili kanisani, moyo wake mweupe, kwa sababu walikubaliana.

Tumezoea kudhani kwamba dhuluma lazima ijifiche. Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara waliopunguza kipimo na kuchezea mizani. Sura ya 83 ya Kurani inaitwa kwa jina la wapunjao, na inawashutumu watu wanaotaka kipimo kamili wakipokea, lakini hupunguza wakitoa. Mwenye lumbesa anaweza kusoma maneno hayo na kuona hayamhusu, kwa kuwa gunia lake halina siri. Yanamhusu sana. Vitunguu alivyonunua kwa kilemba Mbuyuni vitafika mjini na kuuzwa kwa kilo. Ana kipimo cha kununulia na kipimo cha kuuzia.

Basi ridhaa ya mkulima ina uzito gani? Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, alimfikiria nahodha anayetupa shehena baharini wakati wa dhoruba ili chombo kisizame. Anaitupa kwa mkono wake, akili zake timamu, lakini hakuna atupaye mali yake hivyo kwa kupenda. Mkulima wa Mbuyuni naye yumo katika chombo hicho. Vitunguu vimeshang'olewa, vikinyeshewa vitaoza, deni la mbegu na mafuta ya pampu linasubiri, na kila mnunuzi anayekuja anataka kilemba. Anakubali. Tofauti yake na nahodha ndiyo inayoniuma: shehena ya nahodha huzama, hakuna anayeneemeka nayo. Hapa yupo mtu aliyesimama pembeni akipokea kila kinachotupwa, na kesho atasema alipewa.

Injili ya Luka, katika sura ya 6, inaeleza ukarimu kwa picha ya kipimo kinachofurika. Gunia la lumbesa nalo linafurika! Ukiyaweka magunia mawili kando ya barabara, moja la mkarimu na moja la aliyeshurutishwa, jicho halitakuambia lipi ni lipi. Ni lazima uulize nani aliamua kujaza. Ziada ikiamuliwa na mwenye mali, huo ni ukarimu. Ikidaiwa na anayepokea, hata kwa tabasamu na maneno matamu ya kindugu, ukarimu haupo tena.

Wapo wanaosema kwamba mizani ikiwekwa kila kituo cha kupakilia, uadilifu utakuwa wa kulazimishwa na hautakuwa na thawabu. Sikubaliani nao. Wanamfikiria mnunuzi tu, kana kwamba yeye peke yake ndiye mwenye roho ya kuokolewa. Mkulima naye anahitaji nafasi ya kuwa mwema, na lumbesa imemnyang'anya nafasi hiyo, kwa kuwa ziada yake huchukuliwa kabla hajaitoa. Akishapimiwa kilo zake na kulipwa zote, kisha akachota sado moja akamwongeza mteja wake wa miaka mingi, mteja atajua kwamba amepewa, na mkulima atajua kwamba ametoa.