MWIZI AKIKAMATWA DUKANI, NANI ANA HAKI YA KUMUHUKUMU?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Himidi zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Wengi katika wanaoswali nasi ni watu wa biashara. Wana butike, wana depo, wana meza sokoni, na wengine wanauza vikwembe barazani mbele ya nyumba. Baada ya darsa za jioni swali moja limekuwa likirudi: nikimkamata mtu na mali yangu mkononi, ndani ya butike yangu, nina ruhusa ya kumfanya nini? Wanaouliza si watu wabaya. Wanauliza kwa sababu kila mmoja wetu amekwisha kusikia ile sauti ya "Mwizi! Mwizi!" na ameona kinachofuata. Kabla hujahesabu mpaka mia, watu hamsini wamefika, wamotari wameacha pikipiki zao, mmoja ameshika mti, mwingine jiwe, na katika miji mingine ya nchi yetu mwingine amekuja na tairi na petroli. Jambo hilo wamelipa jina la Kifaransa, justisi popileri, kana kwamba ni tribinali yenye hakimu na mashahidi.

Tuanze na haki ya mwenye mali, maana wako masheikh wanaoharakisha kumuhurumia mwizi mpaka wanamsahau aliyeibiwa. Katika khutba ya Hija ya kuaga Mtume (s.a.w.) aliweka vitu vitatu pamoja, damu ya mtu, mali yake na heshima yake, akaviharamisha vyote. Mama aliyeweka pesa za likelemba katika katoni mbili za maziwa, anajua kwamba kopo moja likiibiwa, faida ya makopo mengi imekwenda nalo. Kwa hiyo anayemwambia mama huyo aache tu, ni kitu kidogo, hajui anachosema. Kumkamata mwizi ni halali. Tena ni kumsaidia mwizi mwenyewe, kwani Mtume (s.a.w.) alipoamrisha tumsaidie ndugu yetu akiwa dhalimu au mwenye kudhulumiwa, na masahaba wakauliza dhalimu anasaidiwa namna gani, aliwajibu kwamba ni kwa kumzuia na dhuluma yake.

Sheria ya nchi yetu nayo inaruhusu. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, ya tarehe 6 Agosti 1959, katika kifungu cha 6, inasema kwamba mtu akikutwa palepale katika kosa ambalo adhabu yake ni kifungo cha miaka 3 au zaidi, na hakuna OPJ wala mkubwa wa sheria hapo, kila mtu anaweza kumshika na kumpeleka mara moja kwa mkubwa aliye karibu zaidi. Wizi wa kawaida, kwa kifungu cha 80 cha kitabu cha adhabu, unaweza kufika kifungo cha miaka 5, kwa hiyo unaingia humo. Lakini tazameni maneno yenyewe: kumshika, na kumpeleka mara moja. Halikuongezwa neno la tatu. Hakuna kupiga, hakuna kumfungia depo mpaka asubuhi, hakuna kumtoza amandi.

Sasa tumtazame Safwan bin Umayya (r.a.), maana kisa chake ni kisa cha muuza butike wetu hasa. Safwan alikuwa amelala msikitini Madina, ameweka nguo yake chini ya kichwa. Akaja mtu akaichomoa. Safwan akaamka, akamkamata mwenyewe, akampeleka kwa Mtume (s.a.w.). Hakumpiga njiani. Hakuwaita watu wa sokoni waje wamsaidie kumpiga. Jambo lilipothibiti na hukumu ya kukatwa mkono ikatolewa, Safwan akashtuka. Akasema hakukusudia jambo lifike huko, na kwamba nguo ile amempa mtu yule iwe sadaka. Mtume (s.a.w.) akamuuliza, kwa nini hakufanya hivyo kabla ya kumleta kwake? Kisa hiki wamekipokea Imamu Malik, Abu Daud na wengine.

Wengi wakisikia kisa hiki wanashika ukali wa mwisho wake tu. Mimi naona uzito uko katika lile swali la Mtume (s.a.w.). Aliyeibiwa ana wakati wake, na wakati huo ni kabla hajafika kwa hakimu. Katika wakati huo mlango wa kusamehe uko wazi kabisa: anaweza kuchukua mali yake na kumwacha mtu aende, wala hakuna atakayemlaumu. Anaweza pia kumpeleka mbele. Hizo ndizo njia mbili alizonazo. Njia ya tatu, ya yeye mwenyewe kuwa hakimu na askari na mwenye kutekeleza adhabu, Safwan hakuiona, na alikuwa mkubwa wa Makuraishi, mtu aliyezoea kutoa amri.

Hapa ndugu mmoja atanikatiza. Atasema: Sheikh, je, Mtume (s.a.w.) hakusema kwamba anayeuawa akitetea mali yake ni shahidi? Ndiyo, amesema, na hadithi ni sahihi. Lakini kutetea ni nini? Maulamaa wa madhehebu yetu ya Shafii wameandika mlango mzima juu ya kumzuia mshambuliaji, na wameuwekea ngazi. Akiweza kuzuiwa kwa sauti, asipigwe kwa mkono. Akiweza kuzuiwa kwa mkono, asipigwe kwa fimbo. Na akikimbia, au akishikwa akawa hana nguvu tena, kutetea kumekwisha. Mtu aliyeingia usiku na panga nyumbani kwako, huyo unamzuia kwa unachoweza. Lakini kijana aliyekaa chini mbele ya butike yako, mikono imefungwa kwa kamba na kopo la maziwa limerudi mezani, unatetea nini tena? Kila pigo baada ya hapo ni adhabu, na adhabu ni ya mwenye mamlaka. Maulamaa wamesema wazi kwamba hadi husimamishwa na imamu au naibu wake, si na raia. Kwa hiyo wanaosema sokoni kwamba mwizi ni wa kukatwa mkono, Kurani imesema, na halafu wanaokota mawe, wanaitaja Kurani bila kuitii.

Malalamiko ya pili ni mazito zaidi, na sitayapita haraka. Watu wanasema: ukimpeleka kwa polisi, jioni unakutana naye sokoni anakucheka. Hatutasema ni uongo. Wako askari wanaomwachia mwizi kwa franka chache, na watakwenda kujibu mbele ya Mola wao. Lakini tuseme na upande wetu. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 18, inasema mtu hawezi kukaa kashoti ya polisi zaidi ya saa 48; zikiisha aachiwe au apelekwe kwa mkubwa wa mahakama. Katika saa hizo 48 sisi tunafanya nini? Tumempiga, tumemtupa kwa polisi, tumerudi nyumbani kula. Mwenye mali hakwenda kuandikisha maneno yake. Aliyeona kwa macho anasema hataki mambo ya polisi. Mali iliyoibiwa imeuzwa siku ileile. Dosie inakwenda Parke tupu, au haiendi. Mtu anaachiwa, na aliyesababisha ni yule anayelalamika. Mwenyezi Mungu katika Surat al-Baqara ametukataza kuficha ushahidi, na hakusema isipokuwa kama polisi ni mbali.

Na hata kama hakimu ni mbovu kweli, ubovu wake haukuhamishii wewe kiti chake. Kama ungekuhamishia, basi ungemhamishia pia mama aliyenunua mchele kwako kwa kopo la kupimia lililobonyezwa chini. Yeye naye ameibiwa. Yeye naye hana imani na tribinali. Je, aite watu hamsini waje na miti? Sura nzima ya Kurani imeteremka juu ya wanaopunja vipimo, na hatujaona mfanyabiashara akivikwa tairi.

Kuna jambo jingine, nalo ni kosa la kumshika asiyehusika. Someni tafsiri ya Surat an-Nisaa kuanzia aya ya 105. Wapokezi wamesimulia kwamba mtu mmoja wa Madina, katika ukoo wa Ubayriq, aliiba deraya ya jirani yake iliyokuwa ndani ya mfuko wa unga. Mfuko ulikuwa na tundu, unga ukamwagika njiani. Mwizi akaipeleka deraya akaiweka kwa Yahudi mmoja. Asubuhi watu wakafuata njia ya unga, na deraya ikapatikana nyumbani kwa Yahudi. Ushahidi gani tena unatakiwa? Mali imekutwa kwake, na yeye si wa dini yetu. Ndugu wa mwizi wakasimama kumtetea mtu wao, na jambo lilikuwa karibu kumwangukia asiye na kosa. Zikateremka aya za kumsafisha Yahudi yule na kumkosoa Mwislamu. Kama Madina, Mtume (s.a.w.) yuko hai kati yao, unga uliweza kuwapeleka watu kwenye mlango usio wake, vipi kelele za sokoni? Kelele moja tu, iliyopigwa na mtu mwenye deni au wivu, inatosha. Aya ya 12 ya Surat al-Hujurat inakataza dhana na kupekuana. Mwenye butike akimshuku mteja, amwulize kwa upole na kwa faragha. Akiwa mwanamke, apekuliwe na mwanamke, ndani, si barabarani. Na ile desturi ya kumvua mtu nguo, kumtundikia shingoni alichoiba na kumtembeza kwenye avenu huku simu zinapiga picha, ni haramu bila shaka yoyote, kwani uchi wa mwizi ni uchi. Alipoletwa kwa Mtume (s.a.w.) mtu aliyelewa, akapigwa adhabu yake, mmoja wa waliokuwepo akamwombea fedheha. Mtume (s.a.w.) akamkataza, akasema wasimsaidie Shetani dhidi ya ndugu yao.

Wanaowachukulia wezi vyombo vyao, viatu, simu, pikipiki, na kusema ni amandi, hao nao wajitazame. Aliiba kitu cha franka elfu tano, umechukua cha elfu hamsini. Wezi wamekuwa wawili.

Kwa watoto, ni mafupi. Mtoto asiyebaleghe kalamu imeinuliwa kwake, na sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inasema aliye chini ya miaka 14 hahesabiwi kuwa na kosa la jinai. Maibobo aliyechukua mkate aitiwe mzazi au mlezi, na kama hana, mwenye mkate aseme mwenyewe mbele ya Mola wake kwamba alimpiga mtoto yatima kwa sababu ya mkate.

Turudi kwa wakubwa. Sayidna Umar (r.a.) imepokelewa kwamba aliacha kukata mikono katika mwaka wa njaa. Lakini kisa ninachotaka wafanyabiashara wakikumbuke ni cha watumwa wa Hatib, katika Muwatta ya Imamu Malik. Waliiba ngamia wa mtu wa kabila la Muzayna, wakamchinja. Umar aliamrisha wakatwe, kisha akasita. Akamgeukia bwana wao, akamwambia anaona anawashindisha njaa. Akamuuliza mwenye ngamia bei yake. Alikuwa amekataa dirhamu 400. Umar akamtoza bwana dirhamu 800. Aliyelipa ni tajiri. Basi mwenye depo anayemweka kijana miezi mitatu bila mshahara, halafu anampigia kelele za mwizi akikosa sabuni sita, aombe tu Umar asifufuke.

Limebaki la mwisho, nalo ni zito. Tukio linapoishia katika kifo, kila mmoja anasema, mimi nilipiga mara moja tu. Umar (r.a.) alihukumu kundi zima lililoshirikiana kumuua mtu mmoja huko Sanaa, akasema hata watu wote wa Sanaa wangeshiriki angewahukumu wote. Sheria ya nchi, kifungu cha 48, inatoa kifungo cha miaka 5 mpaka 20 kwa kipigo kilicholeta mauti hata kama mpigaji hakukusudia kuua. Wingi wa watu haugawanyi dhambi kama nyama ya akika. Katika madhehebu ya Shafii, kwa kauli yenye nguvu, kila aliyeshiriki ana kafara yake peke yake: kwa kuwa leo hakuna mtumwa wa kuacha huru, ni kufunga miezi miwili mfululizo. Na juu ya hiyo iko diya, haki ya jamaa wa aliyekufa, ambayo hao tu ndio wenye uwezo wa kuisamehe. Jamaa hao wapo, wengine wanaishi komini jirani, na hakuna aliyewahi kubisha hodi kwao. Mwenye jambo kama hilo shingoni mwake amuone imamu baada ya swala, kwa faragha, wakae watazame namna ya kuanza.

Wallahu aalam.