Fahali Anayehepa

Kila nikituma vidio kutoka Khayega, marafiki zangu wa Nairobi hunijibu kwa swali lilelile: "Lakini msee, si huo ni ukatili?" Na kila swali hilo likifika nyumbani Kakamega, hukutana na jibu lilelile: "Hiyo ni mila yetu." Stori inaishia hapo. Wa mjini anajiona mstaarabu, wa nyumbani anajiona mlinzi wa mababu, na fahali mwenyewe hajaulizwa na mtu.

Nimechoka na maneno hayo mawili. Si ati ni ya uongo. Yote yana ukweli ndani yake. Tatizo ni kwamba kila moja linatumika kama kufuli. Ukisema "mila", umefunga mlango. Ukisema "ukatili", umefunga mlango. Mimi nataka ubaki wazi kidogo, kwa sababu naona swali lenyewe linahusu mlango: katika uwanja ule, ni nani ana ruhusa ya kuondoka?

Kwa ambaye hajawahi kufika, mambo huwa hivi. Wenye mchezo ni Waisukha na Waidakho, watu wa Shinyalu na Ikolomani. Mapambano huwa asubuhi mapema, nyasi zikiwa bado na umande, mara nyingi siku za sikukuu au mzee mwenye jina akiwa amefariki. Fahali haji kwa lori kimya kimya. Anakuja kwa miguu, na nyuma yake kijiji kinakimbia na isukuti: ngoma tatu, baba, mama na mtoto, pamoja na pembe ya swara na vyuma vya kugonganisha. Ukiwa umelala karibu na barabara utaamka, upende usipende.

Uwanjani hakuna refa. Hakuna raundi wala alama. Mafahali wawili wanakutana kichwa kwa kichwa, wanasukumana, matope yanaruka, na watu wanafuata kwa karibu sana, karibu kupita kiasi. Pambano linaweza kuisha kwa dakika mbili au likavuta mpaka shingo zianze kutetemeka. Lakini linaisha kwa njia moja tu: mmoja anageuka na kuhepa. Umati unapasuka mbele yake kama maji, naye anapita. Hakuna anayemrudisha kumalizia. Amesema basi, na basi yake imesikika.

Hapo ndipo huwa nawakatiza wale wanaolinganisha Khayega na Uhispania. Kule, fahali hata apigane vizuri vipi, upanga unamsubiri, isipokuwa kwa nadra sana anaposamehewa. Hawezi kusema basi. Marekani nako kuna biashara ya kuwapanda. Mwaka 1992 wapanda mafahali 20 walianzisha shirika lao, na leo mashindano yake hujaza kumbi kubwa kama Madison Square Garden mjini New York. Mpanda anatakiwa kukaa mgongoni sekunde 8 akijishika kwa mkono mmoja. Alama ni 100, na nusu yake anapewa fahali kwa jinsi alivyoruka. Napenda hiyo nusu. Angalau wamekubali kwamba mnyama naye amefanya kazi. Ila ile kamba inayokazwa nyuma ya tumbo lake ili arushe miguu inaniambia kwamba hakuulizwa kama anataka kazi yenyewe.

Kwetu Afrika Mashariki hatuko peke yetu. Pemba kuna mchezo wa ng'ombe, ambao watu wengi huuhusisha na zama za Wareno. Vijana humchokoza fahali na kumkwepa, na mwisho wa mchezo anarudi nyumbani mzima. Ng'ambo ya bahari, Barka kule Oman na Fujairah kwenye Falme za Kiarabu, mafahali hupambana wenyewe kwa wenyewe kama kwetu, wanaume wakiwa tayari na kamba za kuwatenganisha. Kwa hiyo ukipanga michezo hii yote kwa kipimo changu cha mlango, Kakamega haiko mkiani. Inasimama vizuri, ikiwa huo mlango ni wa kweli.

Sasa twende nyuma ya uwanja, mahali vidio za simu hazifiki.

Fahali wa kupigana haishi kama ng'ombe wengine. Anatengwa, mara nyingi kwenye banda lenye giza, mbali na majike, ili akitoka awe na hasira ya kutosha. Wapo wanaomnoa pembe. Wapo wanaompa machicha ya busaa, na hata vitu vikali zaidi, ingawa ukiuliza moja kwa moja kila mtu atakuonyesha boma la jirani. Uwanjani kuna fimbo zinazompiga mgongoni akisita. Basi yule tunayesema ana uhuru wa kuhepa ameshughulikiwa kwa miezi ili asikumbuke kwamba kuhepa kunawezekana.

Na akihepa, anaenda wapi? Nilimuuliza mzee mmoja aliyekuwa ameshika kamba ya fahali mweusi.

"Mzee, huyu akishindwa leo itakuwaje?"

"Kijana wangu, akishindwa leo, kesho atakula nyasi kama kawaida. Akishindwa tena, sisi ndio tutamla yeye."

Alicheka, nami nikacheka, kwa sababu alisema vizuri. Lakini ukiyafikiria maneno yake, ule mlango unaoonekana wazi uwanjani unatokea buchani.

Mtu wa mjini asishangilie mapema, kwa sababu na yeye yuko bucha hiyohiyo akingoja kilo yake ya nyama choma. Fahali wa Khayega walau ana jina, ana sifa zake kwenye nyimbo, na kuna mtu anayejua anapenda kukunwa wapi. Ng'ombe aliyeko kwenye sahani yako hakuwahi kuitwa chochote. Hata hivyo, unafiki wa mla nyama hausafishi mchezo wetu. Wawili wakiiba, wizi haugeuki kuwa sadaka.

Na neno "mila" pia halisafishi. Watu hupenda kusema UNESCO imetutambua. Kweli, mwaka 2014 iliiweka ngoma ya isukuti kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Lakini kilichoorodheshwa ni ngoma. Isukuti huchezwa harusini, mazishini, hata mtoto anapozaliwa. Haihitaji pembe zilizonolewa ili iwe hai. Tusiazime heshima ya ngoma kulipia kila kitu kinachofanyika karibu nayo.

Mwaka 1789 Mwingereza Jeremy Bentham aliandika kwamba suala kuhusu wanyama si kama wanaweza kufikiri wala kusema, bali kama wanaweza kuumia. Wanaharakati wengi bado wanasimama hapo, na ni mahali pazuri pa kusimama. Lakini sisi wa Kakamega tunaamini jambo kubwa zaidi kuhusu fahali, na tunalithibitisha kwa mkuki.

Mwishoni mwa Januari 2024, seneta wetu Boni Khalwale, ambaye nchi nzima inamjua kwa mapenzi yake ya mchezo huu, alitangaza kwamba fahali wake Inasio alikuwa amemuua mtu aliyemtunza kwa miaka mingi. Alitangaza pia kwamba yeye mwenyewe alikuwa amemuua fahali huyo kwa mkuki, kama mila inavyotaka. Picha zilizunguka, watu wakagawanyika. Mimi kilichonikaa kichwani ni kile chuma. Kwa nini mkuki, na si kisu cha mchinjaji?

Kisu hakina neno na ng'ombe; kinataka nyama tu. Mkuki unamwambia: umekosa. Ni hukumu. Na si sisi peke yetu tuliowahi kumhukumu mnyama. Mwaka 1386, katika mji wa Falaise, Ufaransa, nguruwe jike alishtakiwa na kunyongwa kwa kumuua mtoto. Tunaweza kuwacheka Wafaransa wa zamani, lakini mantiki ni ileile: huwezi kumhukumu asiye na hiari.

Sasa tufuate mantiki hiyo hadi mwisho, bila kuhepa. Kama fahali ana hiari ya kutosha kuwa na hatia, basi ana hiari ya kutosha kukataa. Anapositasita pale katikati, hilo ni neno lake, na fimbo inayompiga mgongoni inamziba mdomo. Busaa inayomlevya inamwibia hiyo hiari ambayo kesho tutamhukumu nayo. Na kama hana hiari kabisa, kama ni misuli na pembe tu, basi mkuki hauna maana, na damu yote iliyomwagika inarudi kwetu tuliomfungia gizani. Chagua upande unaotaka. Pande zote mbili, mzigo unatuangukia sisi.

Waliokua wakienda kanisani wanajua kwamba jambo hili liliwasumbua watu zamani sana. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kuna sheria ya ng'ombe aliyemuua mtu kwa pembe. Ng'ombe hupigwa mawe, na mwenyewe huachiliwa. Lakini kama ng'ombe alijulikana kuwa na tabia hiyo, na mwenyewe akaonywa asimzuie, hatia inampata mwenyewe pia. Sisemi haya kumnyooshea kidole mtu mmoja. Nasema kwa ajili yetu wote tunaozunguka uwanja. Sisi hatujaonywa tu kwamba fahali huyu hupiga watu pembe. Tumemchagua kwa sababu hiyo, tukamtungia nyimbo.

Na hapa ndipo binadamu anaingia, yule tunayemsahau tukibishana kuhusu mnyama. Mwenye fahali ana jina. Fahali ana jina. Mtunzaji ni "yule kijana". Yeye ndiye anayekata nyasi, anayeingia bandani asubuhi, anayesimama mbele ya zile pembe bila ngao. Siku akiwa na hofu, atamwambia nani? Kazi ni hiyo moja, na nyuma yake kuna vijana kumi wanaoitamani. Halafu kuna wale wanaokimbia mbele ya fahali kwa kuchezwa na sifa tu. Nina rika langu hapo. Ukimwambia mmoja asogee nyuma, anakuuliza kama wewe ni mwanaume.

Kiswahili kina methali inayosema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Tunaijua sote, tuliandikia insha shuleni. Lakini maisha yetu tunayaendesha kinyume chake. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokatika na nilipoona nyumbani wameanza kuuza vitu vya kuishi navyo ili mimi nipate cheti. Mjomba wangu aliniita pembeni akaniambia, "Wewe umehepa. Mwanaume hahepi." Miezi michache baadaye nikamsikia mjomba huyohuyo akimsifu fahali wa kijiji aliyeshindwa: "Yule ana akili. Aliona mambo ni mabaya, akatoka mapema. Atapigana tena." Nilimwangalia. Hakuona chochote cha ajabu.

Sikukasirika. Niliona amesema jambo la busara, ila alilisema kuhusu ng'ombe. Pale uwanjani tumetunza hekima moja ambayo tumeinyima mitaa yetu: kwamba kugeuka na kuondoka ni njia halali ya kumaliza pambano. Mtunzaji hana njia hiyo. Msichana aliye kwenye ndoa ya kipigo mara nyingi hana, ataambiwa avumilie. Kijana aliye kwenye kazi inayomla afya ataambiwa akaze roho. Fahali peke yake ndiye tunayempasulia njia.

Kwa hiyo nikiulizwa kama mchezo upigwe marufuku, jibu langu ni kwamba unaweza kubaki, kwa masharti, na masharti yote yanatoka ndani ya mchezo wenyewe. Kama heshima yake ni kwamba fahali anaweza kuhepa, basi mlango wake uwe wa kweli. Pembe zisinolewe. Pombe isiingie bandani. Fahali akisita, fimbo ishuke. Kuwe na ua kati ya mafahali na watoto. Mtunzaji alipwe mshahara unaojulikana na bima ya matibabu, na awe na haki ya kusema leo siingii bila kupoteza kazi. Na fahali aliyepigania kijiji aachwe azeeke akila nyasi, hata akishindwa mara tatu. Kama haya hayawezekani, basi tuache kusema tunalinda mila, tuseme tunapenda tu kuangalia.

Mkija Kakamega Desemba, mtaletwa Khayega au Malinya kabla jua halijapanda. Mtacheza isukuti, hamtaweza kujizuia. Vidio zenu zote zitamfuata mshindi, kwa sababu umati wote utamfuata. Mmoja wenu ageuze simu upande wa pili. Amfuate yule aliyehepa, mpaka kwenye kamba yake, mpaka kwa mtu anayemshika. Amuulize mtu huyo jina lake, halafu amuulize analipwa ngapi.