Kabla Hujathibitisha Chuo cha Udaktari

Kila mwaka, awamu ya kwanza ya udahili inapokamilika, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania hutoa orodha ya waombaji waliochaguliwa na chuo zaidi ya kimoja. Ndani yake wamo vijana wa mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) walioitwa kusomea udaktari wa tiba Dar es Salaam na Moshi, au Mwanza na Dodoma, na wengine sehemu tatu kwa mpigo. Hutumiwa namba ya siri kwenye simu, hupewa siku chache, na katika siku hizo hutakiwa kuthibitisha chuo kimoja tu. Wengi wao ndio kwanza wamemaliza kidato cha sita. Wanachokichagua ni miaka mitano ya masomo na mwaka mzima wa utarajali baada yake, kabla Baraza la Madaktari Tanganyika halijawapa usajili kamili.

Binti wa kaka yangu aliwahi kuwa katika orodha hiyo. Alichaguliwa Muhimbili, Bugando na chuo kingine cha tatu. Ndugu wakaitana, na baba yake mkubwa akasema alivyoona: mtoto akishaitwa Muhimbili, mjadala wa nini tena?

Namwelewa. Kizazi cha wazee wetu hakikuwa na la kuchagua. Mtanganyika aliyetaka udaktari alifunga safari kwenda Makerere, ambako mafunzo ya tiba yalianza 1924, na nchi ilipata uhuru ikiwa na madaktari wazalendo wachache mno. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilianzishwa 1963, na hiyo ndiyo iliyokua hadi kuwa chuo kikuu cha Muhimbili tunachokijua leo. Mzee aliyeyaona hayo kwa macho yake ana haki ya kulitamka jina hilo kwa heshima. Ila heshima ya jina ni jambo moja, na mahali ambapo binti huyu atakuwa daktari mzuri ni jambo lingine.

Aliponigeukia, “Shangazi, wewe unaonaje?” nilimsimulia kuhusu bibi yake. Mama yangu alilazwa muda mrefu katika hospitali ya rufaa, nami nikimuuguza. Kila asubuhi wanafunzi walipita na daktari wao kwenye raundi. Walikuwa wengi, wa mbele wakiandika, wa nyuma wakinyoosha shingo bila kusikia kitu. Mmoja wao akawa anarudi mchana, peke yake. Anavuta kiti, anamwamkia mama, anamwomba aeleze upya maumivu yalianzaje. Siku moja mama akamtajia dawa ya mitishamba aliyokuwa akiinywa nyumbani, jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata mimi. Kijana akatoka mbio kwenda kumtafuta daktari.

Tangu hapo, nikiulizwa kuhusu vyuo vya udaktari, nauliza habari za wodi. Kitanda kimoja kinazungukwa na wanafunzi wangapi? Mwalimu anawajua kwa majina? Kwenye chumba cha anatomia, maiti moja inagawanywa kwa wangapi? Mwanafunzi anapopita wodi ya wazazi, atazalisha kwa mikono yake akisimamiwa na mkunga, au atamaliza mzunguko akiwa ametazama tu? Majibu haya hayamo kwenye vitabu vya mwongozo wa udahili. Wanayo wanafunzi wa mwaka wa nne na wa tano, na wengi hujibu kwa ukarimu wakipigiwa simu. Inaniuma kuona mzazi anatumia wiki nzima kulinganisha majina ya vyuo bila kumtafuta hata mwanafunzi mmoja.

Halafu kila mahali pana magonjwa yake. Bugando, kule juu ya kilima Mwanza, hupokea wagonjwa wa rufaa wa Kanda ya Ziwa, na anayesoma huko atakutana na selimundu na kichocho kwa wingi ambao wa kwingine huusoma zaidi vitabuni. KCMC ya Moshi ina kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kinachojulikana Afrika nzima, na kwa miaka mingi kimewahudumia watu wenye ualbino. Ifakara pana utafiti wa malaria uliochimbuka kwenye maabara ndogo ya Waswisi ya mwaka 1957. Muhimbili ina taasisi za moyo na mifupa ndani ya eneo moja. Huwezi kuvipata vyote, na hakuna anayekudai uvipate vyote.

Fedha nazo zisemwe waziwazi, maana hapa ndipo familia hufichana. Ada ya udaktari katika chuo binafsi huweza kuwa mara kadhaa ya ile ya chuo cha umma, na mkopo wa Bodi ya Mikopo si lazima uifikie yote. Baba anayekubali kwa aibu, akitegemea kuuza shamba mwaka wa tatu, anamtia mtoto katika hatari ya kusimamishwa masomo wakati ndiyo kwanza anaingia wodini. Kaka yangu alikiri mbele ya wote kwamba ada ya kile chuo cha tatu haiwezi. Nilimheshimu sana kwa neno lile.

Anayeamini kwamba jina la chuo ndilo litakaloamua maisha yake amtazame daktari Denis Mukwege wa Bukavu, Kongo. Shahada yake ya udaktari aliipata Bujumbura, 1983, akiwa na nia ya kutibu watoto. Alipokwenda kufanya kazi katika hospitali ya Lemera, milimani Kivu ya Kusini, aliona hali waliyofikia nayo kina mama waliokuwa wakijifungua, akabadili njia na kwenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake na uzazi. Akarudi, akaanzisha hospitali ya Panzi 1999, na dunia ikampa Nobeli ya Amani 2018. Kilichomgeuza ni wagonjwa wa Lemera.

Binti yetu alichagua Bugando, baada ya kuzungumza na wanafunzi wa pande zote mbili. Alithibitisha usiku uleule alipoamua. Baba yake mkubwa alimsihi angoje hadi siku ya mwisho, huenda akabadili mawazo. Akajibu, “Baba mkubwa, kuna mwenzangu anaingoja hiyo ya Muhimbili.”

Ni kweli tupu. Nafasi za udaktari ni chache, na waombaji wenye alama za kutosha huachwa nje kila mwaka. Aliyechaguliwa sehemu tatu anazikalia nafasi tatu hadi atakapothibitisha moja, na zile mbili ndizo zinazosubiriwa na watoto wa watu wengine katika awamu inayofuata, labda wa nyumba isiyo na pengine pa kukimbilia. Mzazi mwenye mtoto katika orodha ya mwaka huu, piga simu zako leo na kesho, ukae na mwanao, mwamue. Kisha athibitishe, msiingoje siku ya mwisho.