Kura ya Siki

Je, ni halali kumwacha mtu bila kipimo, tena kwa makusudi, ili tupate kujua kama kipimo chenyewe kinafaa? Msije mkadhani hili ni swali la kubishania kwenye madarasa ya falsafa tu. Liliulizwa kwa vitendo katika mitaa ya mabanda ya Mumbai, India, kuanzia mwaka 1998, na linatuhusu sisi kwa sababu kipimo hicho hicho kiko kwenye zahanati zetu, ndani ya chupa ya siki.

Kwanza siki yenyewe. Muuguzi huchovya pamba kwenye siki iliyozimuliwa, akapaka mlango wa kizazi, akangoja kama dakika moja hivi. Mahali penye chembe zilizoanza kuharibika hugeuka peupe. Anapaona kwa macho yake, bila darubini wala maabara. Basi, kwisha kazi. Kenya na Tanzania wanawake hupimwa hivyo kutafuta dalili za mwanzo za saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ni miongoni mwa saratani zinazoua wanawake wengi zaidi kwetu.

Kule Mumbai watafiti wa hospitali ya Tata Memorial walichukua maeneo 20 wakapiga kura. Kura yao haikuwa ya mwanamke mmoja mmoja, ilikuwa ya mtaa na mtaa. Maeneo 10 yakaangukia kupimwa: kila baada ya miaka miwili, mara nne, na wapimaji ni wanawake wa kawaida wenye elimu ya sekondari waliofundishwa kwa muda mfupi. Maeneo 10 mengine yakaangukia kutopimwa. Huko wanawake walipewa mafunzo kuhusu saratani mara moja, mwanzoni, kisha wakaachwa waendelee na maisha yao. Jumla walikuwa zaidi ya 150,000, wenye umri wa miaka 35 hadi 64. Wakahesabiwa waliokufa. Mwaka 2013 majibu yakatangazwa: katika mitaa iliyopimwa, vifo vya saratani hiyo vilikuwa pungufu kwa asilimia 31.

Asilimia 31 ni watu. Lakini pungufu kuliko nani? Kuliko wale wa mitaa ya pili. Bila vifo vyao hesabu isingekuwepo.

Hapo ndipo ubishi wa kijiweni unapoanza. Atatokea mmoja aseme: kwani kulikuwa na haja gani ya kuwaacha wengine? Si wangepima wote tu, halafu waangalie wangapi wanapona?

Hoja tamu, ila ina shimo. Hebu wachukue wanawake wawili, ndugu msomaji. Wote wana saratani ya aina moja na wote watakufa mwaka 2010. Wa kwanza alipimwa akagunduliwa mwaka 2002. Wa pili hakupimwa, akagunduliwa mwaka 2008 alipoanza kutoka damu. Daktari akiandika kitabuni ataandika kwamba wa kwanza aliishi miaka 8 na ugonjwa, wa pili miaka 2. Kipimo kitasifiwa. Na kumbe hakuna aliyeongezewa hata siku moja. Wa kwanza aliongezewa miaka 6 ya kujua tu. (Kama kujua huko kuna thamani yake, hilo ni swali jingine, na kila mtu ana jibu lake.)

Kuna shimo la pili, nalo ni baya zaidi. Japani katika miaka ya 1980 ilianza kupima mkojo wa watoto wachanga nchi nzima, wakitafuta aina moja ya saratani ya watoto. Waligunduliwa wengi, wakapasuliwa, wakapewa dawa kali, wakapona, wazazi wakashukuru. Ni nani angethubutu kupinga? Lakini mwaka 2002 zilitolewa tafiti mbili, ya Ujerumani na ya Quebec huko Kanada, zilizolinganisha watoto waliopimwa na wasiopimwa. Vifo havikuwa vimepungua. Uvimbe mwingi uliokuwa ukikamatwa na kipimo kile ulikuwa wa aina ambayo hunywea wenyewe bila hata mtoto kulia. Japani ikasimamisha mpango huo mwaka 2004. Kila mzazi aliyeshukuru alishukuru kwa moyo safi, na shukrani zote hizo zikijumlishwa hazikuwa ushahidi.

Kwa hiyo mimi nasimama upande wa kura. Ushuhuda wa aliyepona hautoshi, hata akiwa mama yangu. Lazima uwahesabu waliokufa, pande zote mbili, na pande hizo zisichaguliwe na mtu mwenye lake moyoni.

Ila kusimama upande wa kura hakunizuii kuona uchafu wa kura ya Mumbai. Utafiti ule ulisaidiwa na fedha za serikali ya Marekani, na Marekani wanawake walikwisha kupimwa saratani hiyo kwa kipimo cha maabara, kile cha kukwangua chembe na kuzitazama kwa darubini, kwa miongo kadhaa. Kipimo hicho kilienezwa bila kupigiwa kura mahali popote. Ubora wake ulijulikana kwa kutazama nchi za Skandinavia na jirani zake: kati ya mwaka 1965 na 1982, Iceland, iliyopima karibu wanawake wake wote, vifo vilishuka kwa asilimia 80, Finland asilimia 50, Norwei, ambako mpango uliishia katika wilaya moja, asilimia 10 tu. Kwa hiyo mwaka 1998 hakuna mtaalamu aliyekuwa na shaka kwamba kuitafuta saratani hii mapema kunaokoa. Shaka ilikuwa juu ya siki.

Na shaka ya siki ilikuwa ya kweli, tusiwaonee. Huko huko India, wilayani Osmanabad, walipima kwa siki mara moja na hawakuona tofauti ya vifo ya kutegemewa. Kipimo cha kirusi cha HPV ndicho kilichopunguza vifo kwa karibu nusu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 limekipa kipimo hicho cha kirusi kipaumbele.

Basi kwa nini siki haikulinganishwa na kipimo cha maabara? Watetezi walijibu: India haikuwa na maabara za kutosha wala mpango wa taifa, mwanamke wa kibandani hakuwa akipata chochote, na kwa hiyo kumlinganisha na asiyepata chochote ni kumlinganisha na hali yake mwenyewe. Wakosoaji wakatoa hesabu yao: katika tafiti tatu za India za namna hii, wanawake 254 walikufa katika makundi yasiyopimwa.

Jibu la watetezi linanikera kwa sababu siwezi kulikanusha. Ni kweli, wangekufa hata kama mtafiti asingefika. Norwei nayo iliwaacha wanawake wake wengi bila mpango wa kupima, na hakuna aliyemwita waziri wa fedha mtafiti katili. Miji yetu imejaa wanawake wa mitaa ya pili ambao hawakupigiwa kura na mtu, na hawahesabiki. Lakini kuna tofauti kati ya umaskini ulioukuta na umaskini unaouhitaji ili hesabu yako itimie. Mtafiti aliyepita mtaa wa pili na daftari lake aliuhitaji mtaa ule ubaki kama ulivyo kwa miaka mingi. Ukishahitaji hivyo, huwezi tena kusema umeikuta tu.

Na asilimia 31 haina majina. Mwanamke wa mtaa uliopimwa ambaye yu hai leo hajui kama ni siki iliyomwokoa au angeishi tu. Wafiwa wa mtaa wa pili nao hawajui kama marehemu wao ni miongoni mwa wale ambao siki ingewaokoa. Hakuna wa kushukuru kwa uhakika, hakuna wa kushtaki kwa uhakika.

Kama ningeweza kumpata mmoja wa wanawake wa mitaa ile ya pili, nisingemuuliza kama anawalaumu madaktari. Ningemuuliza kitu kimoja: siku ile ya mafunzo, kuna mtu alimwambia kwamba wenzake wa mtaa wa jirani wanapimwa?