Faraja Yenye Miguu

Tafakari ya juma. Somo: Marko 5:21–43



Sisi wa Dodoma tunajua kusubiri. Mwezi huu wa Oktoba vumbi linatembea barabarani, mashamba ya Chamwino na Bahi yamelala wazi, na wazee wanatazama mawingu wakitafuta mvua ambayo hawaitegemei kabla ya mwisho wa Novemba au Desemba. Tumelelewa tukiambiwa kuwa subira yavuta heri. Lakini mkulima huyohuyo anayesubiri mvua hachezi na siku za kupanda. Atakayepanda uwele wakati wenzake wanapalilia atavuna mabua. Kuna kusubiri kwa imani, na kuna kusubiri kunakoua. Juma hili natamani tuzungumze juu ya huku kwa pili.

Mama mmoja wa kwaya yetu ameniruhusu nisimulie habari zake bila kutaja jina. Ana miaka 38. Alipokuwa akinyonyesha mtoto wake wa nne, aligusa uvimbe mdogo kama punje ya karanga kwenye ziwa la kushoto. Haukuuma. Akaenda kutibiwa, akaambiwa maziwa yameganda, akapewa antibayotiki. Vidonge vikaisha, uvimbe ukabaki. Akarudi, akaambiwa ni jipu linaiva, akande kwa maji ya moto. Mara ya tatu alikwenda kwingine, akajikaza kutaja neno saratani. Mtoa huduma akatabasamu: “Mama, wewe bado mdogo kwa hayo.” Katika safari zote tatu hakuna aliyempapasa.

Hatimaye akafika hospitali kubwa. Kikachukuliwa kinyama cha kupima, akaambiwa arudi baada ya wiki mbili. Akarudi, majibu hayapo. Akarudi tena, hayapo. Siku yalipoonekana, karatasi ilikuwa na tarehe ya miezi miwili nyuma. Ilikuwa imelala katika faili la mtu mwingine. Kuanzia punje ya karanga hadi jibu ilipita miezi 11, na uvimbe ulikuwa umeshafika kwapani.

“Mchungaji,” aliniambia, “watu wanasema nilichelewa. Mimi sikuchelewa. Nilisubiri kwa sababu niliambiwa nisubiri.”

Maneno hayo yamenirudisha kwenye sura ya tano ya Marko, kwa yule mama aliyetokwa na damu miaka 12. Marko anasema wazi kwamba alipitia kwa waganga wengi, akateseka mikononi mwao, akamaliza mali zake, na hali ikazidi kuwa mbaya. Luka naye anasimulia habari hiyohiyo, lakini hilo la hali kuzidi kuharibika mikononi mwa waganga halitaji. Mapokeo yanatuambia Luka alikuwa tabibu. Sitaki kumsingizia mtakatifu, ila kila mwenye taaluma, na sisi wachungaji tumo, anajua jinsi ulimi unavyokuwa mzito inapofika zamu ya kutaja makosa ya wenzake. Namshukuru Mungu kwamba Injili zote mbili zimo katika Biblia, na ile inayosema ukweli mchungu haikufutwa.

Wengi mnakumbuka Novemba 2007, pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walipobadilishwa: aliyehitaji upasuaji wa goti akapasuliwa kichwa, na mwenye uvimbe kichwani akapasuliwa goti. Nchi nzima ilishtuka, kwa sababu kosa la kisu linaonekana. Kosa la neno “subiri” halionekani. Halina damu wala mshono. Mgonjwa anarudi nyumbani kwa miguu yake, anapika, anaimba kwaya, na ugonjwa unakua kimya kimya. Mwaka unapopita, kila mtu anasema, “Kina mama wetu wanachelewa kuja hospitali.”

Ni kweli wako wanaochelewa. Tathmini ya huduma za saratani ya matiti nchini, iliyotolewa 2017, ilionyesha kwamba wagonjwa wapatao 80 katika kila 100 hugundulika wakiwa hatua ya tatu au ya nne, matibabu yakiwa yamekuwa magumu. Kuna haya, kuna umbali, kuna nauli, kuna dawa za kienyeji. Mficha uchi hazai, na ziwa linalofichwa halitibiwi. Lakini tusimbebeshe mgonjwa mzigo wote. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa 2021, limeweka lengo kwamba tangu mgonjwa afike kituoni kwa mara ya kwanza hadi ugonjwa wake ujulikane zisipite siku 60. Saa hiyo haianzi kuhesabu siku mama aliyogusa uvimbe. Inaanza siku aliyoketi mbele ya mtoa huduma.

Ndugu zangu mnaofanya kazi katika zahanati, vituo vya afya na hospitali zetu, siandiki haya kuwahukumu. Naona foleni zenu. Najua kuna siku muuguzi ni mmoja na wagonjwa ni umati kama ule wa Galilaya. Wala si kila jibu lililochelewa ni uzembe, maana uvimbe mwingine humdanganya hata bingwa. Haki haimdai daktari awe malaika. Inauliza tu kama alifanya kile ambacho mwenzake makini mwenye elimu kama yake angekifanya. Na kwa uvimbe wa ziwa, kinachotakiwa kinajulikana: mkono, picha na kinyama. Upapaswe, upigwe ultrasaundi au mamografia, na kipande kipelekwe maabara. Kunyonyesha hakuondoi wajibu huo, wala umri mdogo, wala kukosekana kwa maumivu, kwa sababu saratani ya ziwa mara nyingi haiumi mwanzoni. Asiye na mashine ana kalamu ya kuandika rufaa. Na majibu yakishatoka, awepo mtu ambaye ni kazi yake kumpigia mgonjwa simu. Leo mtu anapanda treni ya umeme Dodoma asubuhi na mchana yuko Dar es Salaam, ilipo hospitali ya saratani ya Ocean Road. Isiwe karatasi inashindwa kutoka faili moja kwenda jingine.

Nimewasema waganga. Sasa niseme habari zangu.

Katika mwezi wa tatu wa ile miezi 11, mama huyu alikuja ofisini kwangu. Aliniambia ana uvimbe. Niliweka mkono kichwani pake, nikaomba, nikamwambia asiogope, aamini. Kisha nikatazama saa, kwa sababu nilikuwa na kikao. Sikumuuliza kama amepimwa wala amepimwa na nani. Sikumuuliza kama ana nauli. Alitoka amefarijika, na faraja yangu ikamwongezea wiki nyingine za kusubiri.

Katika somo hilohilo Yesu naye alimwambia Jairo, baba aliyekuja kumwombea binti yake mgonjwa, asiogope, aamini tu. Nimelihubiri neno hilo mara nyingi. Lakini soma tena, utaona alilisema wakiwa njiani. Miguu yake ilikuwa inaelekea nyumbani kwa Jairo. Mimi nilisema maneno yaleyale nikiwa nimekaa.

Kuna jambo jingine katika somo hili ambalo limeninyima usingizi. Yesu alichelewa. Alisimama katikati ya umati kumsikiliza yule mama aliyetokwa na damu akieleza kweli yake yote, akamwita binti, na wakati huohuo mtoto wa Jairo akakata roho. Je, hiyo si ruhusa kwetu nasi kuchelewa? Hapana. Yeye aliendelea na safari, akamshika mtoto mkono, akamwinua. Aliyechelewa ndiye mwenye uwezo wa kufufua. Sisi hatuna uwezo huo. Mimi sina, tabibu hana, mwenye kabati la mafaili hana. Kwa hiyo kuchelewa kwetu ni kuzito, maana hatuna namna ya kurudisha saa nyuma. Asiyeweza kufufua na awahi.

Basi juma hili tufanye haya. Wewe mama, na wewe baba maana wanaume nao huugua, ukiona uvimbe, chuchu iliyozama au inayotoa damu, ngozi yenye vishimo kama ganda la chungwa, nenda. Ukiambiwa subiri, uliza: mpaka lini, na baada ya hapo nini? Omba nakala ya vipimo vyako uitunze. Ukiona hukutendewa haki, mwone mganga mfawidhi wa kituo. Usiposikilizwa, Baraza la Madaktari Tanganyika lipo kwa ajili ya malalamiko kama hayo, na wauguzi nao wana baraza lao. Kulalamika kwa haki si kukosa imani. Yule mama wa Marko alisema kweli yake yote mbele ya umati, na Bwana hakumkatiza.

Wewe uliyekosea, nenda ukaseme. Mimi nilikwenda. Nilimkuta yule mama wa kwaya akichambua mboga, nikamwomba radhi. Alinyamaza kidogo, akasema, “Baba Mchungaji, Alhamisi narudi kliniki. Twende wote.” Tulikwenda. Jumapili mtamwona mstari wa pili wa kwaya, mkono wake wa kushoto hauinuki sawa na wengine tangu afanyiwe upasuaji. Msimshangae. Mwulizeni tu kliniki inayofuata ni lini, na nani anampeleka.

Tuombe. Bwana Yesu, uliyesimama kwa ajili ya mama mmoja na bado ukafika kwa Jairo, utupe masikio ya kusimama na miguu ya kufika. Utusamehe tulioagiza watu wasubiri sisi tukiwa tumekaa. Amina.