Walio Ng'ambo ya Mlima

Kutoka kiwanja kidogo cha ndege cha Nyaribo, nje ya mji wa Nyeri, hadi uwanja wa Isiolo ni kama kilomita 100 kwa mstari ulionyooka. Ndege ndogo aina ya Cessna Caravan, inayokwenda takriban kilomita 300 kwa saa, huweza kuumaliza mwendo huo kwa dakika 20 hivi. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 130: Kiganjo, Naro Moru, Nanyuki, Timau, kisha mteremko mrefu wa kuingia kwenye joto la Isiolo. Ni safari ya saa mbili na zaidi, na abiria hushuka miguu imekufa ganzi.

Kinachoipinda barabara ni mlima. Kirinyaga, mita 5,199, umekaa katikati, na miji yote imejipanga pembeni yake. Rubani naye huupisha. Tarehe 19 Julai 2003 ndege ya kukodi iliyotoka uwanja wa Wilson kuelekea Samburu iligonga kilele cha Lenana, na watu wote 14 waliokuwamo wakafa. Mungu awarehemu.

Mzunguko huu wa kuupisha mlima umenifikirisha kwa muda mrefu. Wazee wa Agikuyu waliomba chini ya mti wa mugumo wakiuelekea Kirinyaga, makao ya Ngai. Waembu na Wameru nao waliuona mlima huo kuwa mahali patakatifu. Sasa itazame ramani. Anayeuelekea mlima kutoka Nyeri hutazama kaskazini-mashariki. Anayeuelekea kutoka Meru hutazama kusini-magharibi. Basi wanatazamana! Kila mmoja akiinua mikono kwa Muumba wake, uso wake umemwelekea jirani asiyemwona, aliye nyuma ya mawe na theluji. Sidhani kuna aliyelipanga hilo. Lakini kila nikilirudia moyoni naona kwamba ibada ya kweli ndivyo ilivyo: huwezi kumwelekea Mungu huku ukimpa kisogo mtu wa upande wa pili.

Na huyo wa upande wa pili hufikiwaje? Namkumbuka Sista Irene Stefani, Mkonsolata kutoka Italia, ambaye watu wa Nyeri walimwita Nyaatha. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza aliwauguza wapagazi huko Voi, Kilwa na Lindi. Baadaye akaletwa Gikondi, huku Nyeri. Nchi ya Gikondi ni matuta na mabonde. Mgonjwa aliye kwenye tuta la pili, kwa ndege ni kufumba na kufumbua; kwa miguu ni kushuka hadi mtoni, kuvuka, na kuanza kupanda upya. Sista Irene alishuka na kupanda, siku baada ya siku, hadi tauni aliyoipata kwa mgonjwa aliyekuwa akimhudumia ilipomuua tarehe 31 Oktoba 1930. Kanisa lilimtangaza mwenye heri hapo Nyeri tarehe 23 Mei 2015. Kwangu mimi, mwendo wake ule wa polepole ndio uliofika.

Nawe msomaji, ukisafiri kutoka Nyeri kwenda Nanyuki, panda matatu ya alfajiri, kabla mawingu hayajaufunika mlima, na ukae upande wa kulia. Ukifika Naro Moru, mwombee mtu mmoja wa Meru, hata kama humjui.