Taa ya Anayetufuata

Gari likiteremka kivukoni Rugezi na kushika njia ya Nansio, dereva huyaona yaliyo mbele yake: watoto, baiskeli, ng'ombe wavukao. Asichoweza kukiona ni taa nyekundu iwakayo nyuma kila akanyagapo breki. Ikifa, yeye haoni tofauti yoyote. Gari lasimama kama kawaida. Aliyemo hatarini ni yule wa nyuma, labda kijana wa bodaboda aliyempakia mama na mwanawe.

Basi twauliza: je, mtu ana hatia kwa taa asiyoiona?

Yuko atakayejibu, "Sikujua." Taa hufa bila kupiga hodi: pengine balbu imeungua, pengine ni swichi ndogo ya pedali, nayo ikiharibika taa zote huzimika pamoja. Lakini kujua si kazi ngumu: mtu asimame nyuma, wewe ukanyage breki, naye akuambie. Asiyetaka kuuliza amechagua kutojua, na ujinga wa kuchagua hauondoi hatia.

Mwingine atasema, "Najua, ila fundi ni ghali." Ni kweli, pengine kosa limo katika nyaya, na fundi hulitafuta kutwa nzima. Hatumdharau mwenye shida. Walakini, kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa, gari hupita mita 16 na zaidi kila sekunde. Sekunde moja ya kuchelewa kutambua kwamba wa mbele anasimama yatosha kuua. Asiyemlipa fundi hakuifuta gharama ile. Amemtwika jirani ailipe kwa mwili wake, bila kumwuliza.

Ukerewe yaijua maana ya kumtumaini mwenye chombo. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na Ukara. Waliokufa peke yao walizidi 220. Abiria hakuweza kuwahesabu wenzake. Alitumaini kwamba mwenye kazi hiyo amehesabu. Vivyo hivyo anayetufuata njiani hutumaini kwamba tumekagua.

Askari hawezi kusimama nyuma ya kila gari. Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla ya kutia moto injini, mwite mtoto wako asimame nyuma, nawe ukanyage breki. Akisema, "Baba, inawaka," nenda salama. Akisema haiwaki, gari na libaki nyumbani mpaka fundi aje.